Kompyuta ya BBC ya mwaka 1981 na chipu iliyomo kwenye simu yako

Nahodha wa Ushongo anayepeleka wageni Maziwe huangalia hali ya upepo kwenye simu, hupokea malipo kwa simu, na jioni huulizia bei ya samaki Pangani mjini kwa simu hiyo hiyo. Kinachomwezesha ni kwamba betri ndogo inakaa na chaji kutwa nzima, hata kama nyumbani anategemea sola. Uwezo huo una historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo inaanzia kwenye kompyuta ya nyumbani iliyotengenezwa Uingereza zaidi ya miaka 40 iliyopita, kwa ajili ya shirika la utangazaji.

Kompyuta iliyotokana na kipindi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, BBC ilipanga kuwafundisha wananchi kompyuta kupitia televisheni. Lakini kipindi peke yake kisingetosha, kwani mtazamaji alihitaji mashine ya kufanyia mazoezi. Kampuni ndogo ya Acorn, ya mjini Cambridge, ilipewa nafasi ya kuonyesha mashine yake. Wahandisi wake, wakiwemo Sophie Wilson na Steve Furber, waliunda ya majaribio katika muda wa wiki moja hivi, na BBC ikaikubali.

BBC Micro iliingia sokoni Desemba 1981, na kipindi cha The Computer Programme kikaanza Januari 1982. Aina ya kwanza, Model A, ilitangazwa kwa pauni 235, na Model B kwa pauni 335. Model B ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32. Picha moja unayopiga leo kwa simu janja ni kubwa kuliko hapo mara nyingi.

Programu zake ziliweza kuhifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, zile zile za muziki. Na kwa kuwa programu iliyo kwenye kaseti ni sauti, iliweza kurushwa hata kwa redio. Nchini Uholanzi, kipindi cha redio cha Hobbyscoop kilirusha programu za kompyuta hewani. Msikilizaji alirekodi mlio ule kwenye kaseti, kisha akauingiza kwenye kompyuta yake.

Zaidi ya BBC Micro milioni 1.5 ziliuzwa, nyingi zikaenda shuleni. Ukiiwasha, ilikuwa tayari kupokea amri kwa lugha ya BASIC. Hapakuwa na vipicha vya kubonyeza. Mtoto alilazimika kuandika maagizo mwenyewe, akikosea anasahihisha, hadi mashine ifanye alichotaka.

Chipu isiyokula umeme

Mafanikio hayo yaliipa Acorn nguvu ya kutafuta prosesa yenye kasi zaidi. Zilizokuwepo sokoni hazikuwaridhisha, hivyo mwaka 1983 wakaamua kubuni yao. Hawakuwa na fedha wala watu wengi, na hilo liliwalazimisha kubuni kitu rahisi: chipu inayofanya maagizo machache, mepesi, kwa haraka. Wilson alibuni maagizo yake, na Furber akaandika mfano wa chipu kwa BASIC kwenye BBC Micro yenyewe.

Chipu ya kwanza, ARM1, iliwashwa tarehe 26 Aprili 1985 ikiwa imeunganishwa na BBC Micro. Ilikuwa na transista takribani 25,000. Prosesa ya Intel 80386 iliyotoka mwaka huo huo ilikuwa na 275,000. Kila transista inayofanya kazi hula umeme na kutoa joto, hivyo zikiwa chache, matumizi yanapungua.

Furber amesimulia kwamba alipotaka kupima umeme unaotumiwa na chipu hiyo, kipimo kilionyesha sifuri. Ikagundulika kwamba waya wa kuipa umeme haukuwa umeunganishwa. Chipu ilikuwa ikifanya kazi kwa umeme kidogo uliopenya kutoka sehemu nyingine za mashine.

Novemba 1990, Acorn, Apple na VLSI zilianzisha kampuni ya ARM. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, simu ya Nokia 6110 ilitumia muundo wake. Leo karibu kila simu janja, iwe Android au iPhone, inaendeshwa na prosesa ya muundo huo, na chipu za ARM zilizokwisha kutengenezwa zimepita bilioni 200.

Sisi tulikuwa wapi?

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Lakini mwaka 1974, baada ya mfumo wa kompyuta wa hesabu za serikali kwenda kombo, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Kibali kilitolewa kwa nadra, na masharti yalilegezwa polepole hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994.

Kwa hiyo zama za kompyuta ya nyumbani zilitupita. Wengi wetu tuliikuta kompyuta ofisini au kwenye intaneti kafe, kisha tukarukia simu. Chipu ya Cambridge ilitufikia, lakini somo lililotangulia chipu hiyo, la kumfundisha mtoto kuiamuru mashine, halikutufikia.

Somo bado lipo

Mwaka 2012 ilitoka Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu yenye prosesa ya ARM. Aina zake za kwanza ziliitwa Model A na Model B kwa kuikumbuka BBC Micro. Hapa nchini, shirika la Powering Potential limeziweka katika shule za sekondari wilayani Karatu, mkoani Arusha, zikitumia umeme wa jua. Zinawezekana huko kwa sababu ile ile: hazili umeme mwingi.

Kijana wa Ushongo mwenye simu janja tayari ana mashine yenye nguvu mara maelfu kuliko BBC Micro, na zipo programu za bure za kujifunzia kuandika kodi humo humo. Anachokosa mara nyingi ni mwalimu. Uingereza ya mwaka 1982, sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na watangazaji, na hilo linatuhusu sisi tunaokaa nyuma ya maikrofoni.