Vyuma Chakavu vya Mlima Tamalpais

Fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu akiletewa baiskeli ya gia, hana haraka ya kuipindua. Kwanza anainua gurudumu la nyuma, anazungusha pedeli kwa mkono, halafu kwa dole gumba la mkono wa pili anasukuma kijiti cha gia pale kwenye usukani. Tak, cheni inapanda. Tak, inashuka. Anasikiliza, anarudia, ndipo anachukua spana. Nimemwangalia mara nyingi nikiwa nimekaa kwenye benchi lake, na kila mara nawafikiria vijana fulani wa California ambao waliupeleka ule mchezo wa dole gumba mlimani, wakati hakuna kiwanda hata kimoja kilichokuwa kinaitaka baiskeli ya namna hiyo.

Kiwanda kimoja kilikuwa kimeshatengeneza fremu na tairi zake zamani, kikaziacha. Ignaz Schwinn, Mjerumani aliyehamia Marekani, alianzisha kampuni yake Chicago mwaka 1895, wakati baiskeli ilikuwa ndiyo usafiri wa kisasa. Gari lilipoingia, watu wazima wakaiacha baiskeli. Ulipokuja mdororo mkubwa wa uchumi, soko likabaki la watoto. Mwaka 1933 Schwinn wakaleta baiskeli ya watoto yenye tairi nene za upana wa zaidi ya inchi mbili, zenye tyubu ndani, zilizoweza kupanda ukingo wa barabara na kupita mashimo bila rimu kupinda. Ili mtoto ajione amepanda pikipiki, waliifungia tangi la petroli la bandia, honi, taa kubwa na madigadi mazito. Vijana waliokuwa wanasambaza magazeti asubuhi walizitesa miaka na miaka, na fremu zake hazikuvunjika. Kisha mitindo ikabadilika, nazo zikaishia kwenye mabanda ya kuku na kwenye marundo ya vyuma chakavu.

Kaskazini ya San Francisco, ukishavuka daraja la Golden Gate, unaingia wilaya ya Marin. Hapo ndipo ulipo Mlima Tamalpais, wenye urefu wa mita 784 hivi. Kwetu tuliozoea Meru na Uluguru, hicho ni kilima. Lakini kilima chenyewe kimezungukwa na barabara za vumbi kila upande. Kuanzia 1896 hadi 1930 palikuwa na reli ya watalii iliyopanda mpaka karibu na kilele, na njia yake ilibaki baada ya mataruma kung'olewa. Zikaongezeka barabara za zimamoto, zilizochongwa ili magari yaweze kuufikia moto wa msituni wakati wa kiangazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara hizo zilikuwa tupu.

Chini ya mlima huo, katika miji midogo ya Fairfax na San Anselmo, waliishi vijana wa klabu iliyoitwa Velo Club Tamalpais. Walikuwa wakimbiaji wa kweli wa baiskeli za lami, zile nyembamba, nyepesi, zenye tairi kama mpira wa kufungia mzigo. Gary Fisher alikuwa hodari kiasi kwamba mwaka 1968 wenye mashindano walimzuia kushiriki kwa sababu ya nywele zake ndefu, na yeye hakuzikata. Charlie Kelly alikuwa akibeba na kufunga vyombo vya bendi ya roki ya Sons of Champlin, na aliishi nyumba moja na Fisher. Joe Breeze alikuwa mtoto wa mtu wa karakana, baba yake akijenga magari ya mashindano, na yeye mwenyewe alishajifunza kuunda fremu. Otis Guy na Alan Bonds walikuwemo. Wende Cragg naye alikuwemo, mwanamke karibu peke yake katika kundi, na kamera yake haikukosekana begani. Picha nyingi zinazotuonyesha leo sura za watu hao, jinzi zao na mabuti yao, ni za kwake.

Sababu ya watu wenye baiskeli za bei mbaya kuanza kuchakura skrepa ni nyepesi: ilikuwa raha. Vijana wengine wa Larkspur, mji wa jirani, walikuwa wametangulia kuteremka msituni kwa baiskeli kuukuu. Joe Breeze alinunua ya kwake mwaka 1973, Schwinn ya 1941, kwa dola 5. Baiskeli hizi waliziita klunker, jina linalotokana na mlio wa chuma kikuukuu kinachogongana. Kazi ya kwanza ilikuwa kuzivua. Tangi la bandia nje, honi nje, madigadi nje, karia nje. Kila kilichofungwa na kiwanda kwa ajili ya kumfurahisha mtoto kiliondolewa, mpaka ikabaki fremu, magurudumu na usukani mpana. Baada ya hapo mwenye mali akaanza kuipamba upya kwa jicho lake. Alan Bonds alisifika kwa rangi: alizirudisha fremu zilizokuwa na kutu kwenye michoro ya zamani ya Schwinn, zikang'aa kuliko zilivyotoka dukani. Fremu iliyotafutwa kuliko zote ilikuwa Excelsior, kwa sababu mirija yake ililala kwa pembe iliyoituliza baiskeli kwenye mteremko mkali. Aliyeipata aliitembeza kwa wenzake siku hiyo hiyo.

Nadhani watu wengi hudharau kutambiana kwa namna hii, wakidhani ni utoto. Katika kisa hiki kulikuwa shule. Mtu alikuja na mkono wa breki aliounyofoa kwenye pikipiki, wenzake wakauona Jumamosi, na Jumamosi iliyofuata wawili watatu walikuwa nao. Kifaa kilichovunjika kiliachwa bila kikao. Hakuna aliyekuwa na siri, maana siri haina wa kuistaajabia.

Kilichowasumbua zaidi kilikuwa breki. Baiskeli za zamani zilikuwa na breki moja tu, iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma: ukitaka kusimama unakanyaga pedeli kurudi nyuma, na ndani mle vyuma vinabanana. Kwa mtoto anayepeleka gazeti, hiyo inatosha. Kwa mtu mzima anayeteremka mlima mzima huku ameikanyaga, kitovu kinachemka. Grisi iliyozizunguka gololi inayeyuka, inachuruzika kwenye spoku, inafuka moshi. Ukifika chini, kitovu ni kikavu, kinakwaruza. Hapana budi kukifungua chote, kukifuta, na kukijaza grisi mpya kabla ya kuteremka tena. Palikuwa na barabara moja magharibi ya Fairfax, yenye urefu wa kilomita tatu na kidogo na mteremko wa mita 400 hivi, ambayo iliunguza grisi kila safari bila huruma. Wakaiita Repack, yaani mahali pa kupaki grisi upya.

Tarehe 1 Desemba 1974 yalifanyika mashindano ya baiskeli za matope huko Mill Valley, upande wa pili wa mlima. Wakatokea wageni kutoka Cupertino, mji ulio mbali kusini ya San Francisco. Mmoja wao alikuwa Russ Mahon. Baiskeli zao zilikuwa za tairi nene kama za Marin, ila nyuma zilikuwa na gia za kuhamisha cheni, breki za mkono, na kijiti cha gia kwenye usukani pale dole gumba linapofika. Kwenye baiskeli za mashindano za wakati huo vijiti vya gia vilikaa chini kwenye mrija wa fremu, hivyo mtu aliachia usukani ili kubadili gia. Barabarani hilo halina neno, lakini kwenye mawe ni kuanguka. Wageni wale walishindana, wakafunga safari kurudi kwao, na watu wa Marin hawakuwaona tena kwa miaka karibu 20.

Walioziona zile baiskeli hawakusahau. Mwaka uliofuata Fisher aliichukua Excelsior yake, akaifungia gia, akaiwekea breki za ngoma zilizotengenezwa kwa ajili ya baiskeli za watu wawili, mikono ya breki ya pikipiki, na vijiti vya dole gumba. Ilipita kilo 18, karibu uzito wa mifuko miwili ya unga ya kilo 10. Lakini sasa ilipanda. Mpaka hapo mlima ulikuwa wa kuteremka tu, kwenda juu watu walisukuma au waliomba lifti ya pikapu. Kwa gia nyepesi, mtu alianza kupanda huku amekaa kwenye siti, na kwa breki za mkono kitovu hakikuungua tena. Jina la Repack lilibaki, ingawa kazi iliyolizaa ilikwisha.

Kubishana nani ni mwepesi kuliko wenzake hakukuwa na mwisho, kwa hiyo Kelly akaamua kupima. Tarehe 21 Oktoba 1976 walikusanyika juu ya Repack. Waliachiliwa mmoja mmoja kwa kupishana dakika mbili, maana barabara haikutosha wawili kwenye kona. Vipima muda vilikuwa saa ya mezani ya kuamshia na kronomita ya jeshi la majini iliyouzwa kama mali kuukuu. Alan Bonds alishinda, akiwa peke yake aliyefika chini bila kuanguka. Yalifanyika mashindano 24 kwa jumla, ya mwisho mwaka 1984. Muda bora ni wa Fisher, dakika 4 na sekunde 22, wa Breeze ukiwa nyuma yake kwa sekunde 2 tu. Na Breeze ndiye aliyeshinda mara nyingi zaidi, mara 10.

Fremu za miaka ya 1930 hazikuumbwa kwa adhabu hiyo, zikaanza kukatika. Kelly akamwomba Breeze amuundie fremu mpya. Breeze akamaliza ya kwanza mwaka 1977, ya chuma chepesi cha kromu na molibdeni, kila kifaa kikiwa kipya, hakuna cha skrepa. Kufikia 1978 alikuwa ametengeneza 10. Mwaka 1979 Tom Ritchey, kijana mwingine fundi wa fremu, aliunda nyingine, na Fisher na Kelly wakafungua kampuni ndogo ya kuziuza, wakaiita MountainBikes. Mwaka 1981 Mike Sinyard wa kampuni ya Specialized alileta baiskeli ya Stumpjumper, iliyoundwa Japani kwa wingi, na baada ya hapo jambo lilitoka mikononi mwa marafiki. Mwishoni mwa 1984 binamu wawili Waingereza, Nick na Dick Crane, walizifikisha baiskeli za aina hiyo kilele cha Kilimanjaro. Mwaka 1996 mchezo uliingia Olimpiki ya Atlanta.

Baiskeli ya kwanza ya Breeze ipo kwenye makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani, Washington. Mimi kinachonivuta zaidi ni daftari la Kelly. Tangu mashindano ya Repack yalipoanza aliandika tarehe, jina na muda wa kila aliyeteremka, ushindi na vichekesho vyake, kwenye kurasa za kawaida, kwa mkono. Ndiyo maana tunaweza kutofautisha Fisher na Breeze kwa sekunde 2. Vijana wa Cupertino hawakuwa na daftari, na mpaka mtu alipokwenda kumtafuta Mahon katika miaka ya 1990, vijiti vyao vya gia vilikuwa vimeshazunguka dunia nzima bila jina la yeyote kati yao.

Fundi wetu ameshaanza kukaza waya. Anasukuma tena kwa dole gumba, anainamisha sikio, na cheni inapanda kimya.