Injini Ndogo za Mvuke

Sisi wa Mokambo twajua gari la moshi: reli iliyotoka Sakania ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Lakini kabla yake, kule New Bedford, Marekani, William Weeden alitengeneza injini ndogo ya mvuke ya kuchezea. Mwaka 1884 gazeti Youth's Companion likawapa zawadi injini hiyo watoto walioliletea wasomaji wapya. Taa ya spiriti huchemsha maji, mvuke husukuma pistoni, gurudumu huzunguka. Ni kazi ileile ya gari la moshi. Wenye kuzikusanya huandika namba na rangi ya kila moja. Nasi twawasihi, wasizipake rangi mpya! Rangi ya kale ndiyo ushahidi, ikisuguliwa, hairudi. Wala wasiziwashe ovyo: birika lililoliwa na kutu laweza kumpasukia mtoto usoni.