Ulinzi wa mstari kwa mstari: databezi yako inakuwa nzito kwa nini?

Wadau, leo tuongelee kitu ambacho vijana wengi wanaotengeneza mifumo wanakizima kabla hawajakielewa: ulinzi wa mstari kwa mstari ndani ya databezi, kwa kifupi RLS. Malalamiko ninayoyasikia ni yale yale, "kaka, nikiiwasha mfumo unakuwa mzito, nikiizima unapaa." Sawa, ila ukiizima umemfungulia nani mlango?

Wazo lenyewe si geni. Oracle walikuwa nalo tangu toleo la 8i mwaka 1999. PostgreSQL wakalileta kwenye toleo la 9.5, Januari 2016, na SQL Server ya Microsoft ikalipata mwaka huo huo. Mimi nitakomaa na PostgreSQL kwa sababu ni ya bure, unaipakua na kujaribu mwenyewe.

Chukulia mfumo mmoja wa matokeo unaotumiwa na shule 40, data zote ziko kwenye jedwali moja. Kwa kawaida programu yako ndiyo inayoongeza sharti la "shule namba 7 tu" kwenye kila swali. Ukisahau sehemu moja, mwalimu wa shule hii anasoma alama za watoto wa shule ile. RLS inaihamishia kazi hiyo databezi yenyewe:

ALTER TABLE matokeo ENABLE ROW LEVEL SECURITY;
CREATE POLICY shule_yake ON matokeo USING (shule_id = shule_yangu());

Hiyo shule_yangu() ni funksheni uliyoiandika wewe, inachungulia jedwali la watumiaji na kurudisha namba ya shule ya aliyeingia. Kuanzia hapo hata mtu akiandika SELECT * FROM matokeo, databezi inabandika sharti kimya kimya. Na ukiwasha RLS bila kuandika sera yoyote, mtumiaji wa kawaida haoni hata mstari mmoja, kwa hiyo usishtuke ukurasa ukija mtupu.

Sasa uzito unatoka wapi? Sera ni sharti kama masharti mengine, ikiandikwa ovyo kila swali linaumia. Angalia tena mfano wangu. Funksheni ya PostgreSQL usipoisemea kitu inahesabiwa kuwa VOLATILE, yaani jibu lake linaweza kubadilika muda wowote. Databezi haiwezi kuiuliza mara moja na kukariri jibu. Kama jedwali lina mistari 800,000, funksheni itaitwa mara 800,000, na kila mara inarudi kuchungulia jedwali la watumiaji. Indeksi ya shule_id ipo imekaa tu, haiguswi. Hapo ndo watu wanasema RLS mbovu!

Dawa ni ndogo mno. Itangaze funksheni kuwa STABLE, kisha ifunge hivi ndani ya sera:

USING (shule_id = (SELECT shule_yangu()))

Ile SELECT ya ndani inafanya jibu litafutwe mara moja kwa swali zima, halafu indeksi inaingia kazini. Bila shaka indeksi yenyewe iwepo. Nashangaa mifumo mingapi ina sera kwenye safu ambayo haina indeksi.

Kuna uzito wa aina ya pili, na huu ni wa haki kabisa. Tuseme mwalimu mjanja anaandika swali lenye sharti 1/(alama - 87) = 1. Kama databezi ingekokotoa sharti lake kabla ya sera, mwanafunzi yeyote mwenye 87, hata wa shule nyingine, angesababisha kosa la kugawanya kwa sifuri. Mwalimu haoni mstari, ila kosa lenyewe limeshamwambia kuna mtu ana 87. Ndo maana PostgreSQL inatanguliza sera, halafu masharti ya mtumiaji yanafuata, isipokuwa yale yaliyothibitishwa kuwa hayavujishi siri, yenye alama ya LEAKPROOF. Usawa wa namba unayo alama hiyo. LIKE haina. Kwa hiyo ukitafuta jina LIKE 'Has%', indeksi yako nzuri ya jina inaachwa pembeni, zinasomwa kwanza rekodi zote za shule yako ndipo majina yachujwe. Shule ikiwa na rekodi 2,000 hutahisi kitu, ikiwa na milioni utahisi sana. Wanaoweza kubandika alama ya LEAKPROOF kwenye funksheni ni wasimamizi wakuu tu, na kwa maoni yangu usiibandike kwa ajili ya mwendo. Bora ugawe jedwali.

Jambo lingine linalowapoteza watu ni kupima. Msimamizi mkuu haguswi na RLS, na mwenye jedwali haguswi mpaka uweke FORCE ROW LEVEL SECURITY. Ukipima kwa akaunti hizo utaona kila kitu kinaruka, wakati wateja wanalia. Badili kwanza kwa SET ROLE uwe mtumiaji wa kawaida, ndipo uendeshe EXPLAIN ANALYZE. Ukiona "Seq Scan" kwenye jedwali kubwa na jina la funksheni yako limekaa kwenye mstari wa "Filter", mchawi ndiye huyo.

Wanaotumia Supabase wawe makini zaidi, maana kule kivinjari cha mteja kinaifikia databezi kupitia API. Ukizima RLS kwenye jedwali lililo wazi kwa API, yeyote aliyechukua ufunguo wa umma ndani ya ukurasa wako anaweza kulisoma. Na kama aliyeingia unamtambulisha kwa SET huku miunganisho inatumika kwa zamu, tumia SET LOCAL ndani ya muamala, la sivyo utambulisho wa mtu wa kwanza unaweza kumkuta wa pili.

Mwenye EXPLAIN iliyomshinda aimwage hapo chini tuichambue, ila futa majina ya watu kwanza.