Kwa nini filamu kubwa hutoka wakati wa kiangazi?

Wakati marobota ya tumbaku yanapelekwa sokoni Tabora, Marekani nako wanatoa filamu zao za gharama kubwa. Juni hadi Agosti ni majira ya joto kwao, shule zimefungwa na vijana wana nafasi. Mtindo huo ulishika baada ya Jaws, filamu ya papa mla watu ya Steven Spielberg, kupata mapato makubwa kuanzia Juni 1975.

Habari za Tabora nazo zimewahi kugusa msimu huo. Agosti 1939 ilitoka Stanley and Livingstone, kuhusu wasafiri wawili waliokaa Kwihara mwaka 1872. Tembe la huko leo ni makumbusho. Spencer Tracy, aliyeigiza kama Stanley, alichezea Marekani. Mandhari ndiyo iliyopigwa Afrika Mashariki.

Msimu huu, kibanda umiza kikikuonyesha filamu mpya yenye vivuli vya vichwa na vicheko ambavyo si vyenu, ujue imerekodiwa kwa siri ukumbini. Hiyo iache, shilingi zako ni za jasho. Nakala safi hufuata baadaye, na ya Kiswahili baada yake. Waliozoea wafasiri tangu enzi za Lufufu hawana haraka.