Jina Linalorukwa Katika Ukoo

Tunapokaa msibani kuandika wasifu wa marehemu, mzee mmoja huanza kutuhesabia ukoo: fulani alimzaa fulani, naye akamzaa fulani. Akifika kwenye jina moja anasita, kisha analiruka. Tukiuliza, tunaambiwa, "Huyo mwacheni." Tukidadisi, tunaelezwa kwa sauti ya chini kwamba bibi yule alisemwa kuwa mchawi. Hakuna aliyeshuhudia alilofanya. Alisemwa tu, na hilo likatosha kumfuta. Nasi tunanyamaza, kwa kuwa wengi huamini uchawi hurithiwa, na tunahofia mabinti zetu watakosa kuolewa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Marekani wapo wengi wanaotafuta habari za mababu zao katika vitabu vya kanisa na kumbukumbu za mahakama, na baadhi yao wamefika mpaka Salem, Massachusetts, mwaka 1692. Katika koloni lile la Kiingereza, lenye Wakristo waliojulikana kwa bidii ya dini, watu 19 walinyongwa kwa hukumu ya uchawi.

Mmoja wao alikuwa Rebecca Nurse, mama wa watoto wanane, mwenye miaka ipatayo 71, mshiriki wa kanisa aliyeheshimiwa. Majirani 39 walitia sahihi kumtetea. Wazee wa baraza walimwona hana hatia, lakini mahakama ikawataka wafikiri upya. Aliulizwa swali moja, naye kwa kuwa alikuwa mzito wa kusikia, hakujibu. Ukimya wake ukageuzwa kuwa ushahidi. Tarehe 3 Julai kanisa lake lilimtenga. Tarehe 19 Julai alinyongwa.

Mtu anayemkuta bibi yake katika kumbukumbu hizo hukuta pia jambo la pili lililo chungu: walioshtaki hawakuwa wageni. Walikuwa majirani, watu waliosali pamoja. Wengine hugundua kwamba damu yao inatoka upande wa washtaki. Mwandishi Nathaniel Hawthorne alikuwa mzao wa John Hathorne, mmoja wa mahakimu wa Salem, naye alikiri waziwazi kwamba aibu ile ni yake pia.

Toba ilikuja, ingawa ilichelewa. Mwaka 1697 hakimu Samuel Sewall alisimama kanisani Boston huku mchungaji akisoma ungamo lake. Mwaka 1706 Ann Putnam, aliyewashtaki wengi akiwa na miaka 12, alisimama vivyo hivyo mbele ya usharika, na jina la Rebecca Nurse likatajwa katika ungamo lake. Mwaka 1712, miaka 20 baada ya kifo chake, kanisa lilifuta adhabu ya kumtenga. Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa lakini akaponea kunyongwa, hakuacha watoto wa kumtetea. Jina lake lilisafishwa mwaka 2022 tu, kwa juhudi za wanafunzi na mwalimu wao.

Sisi Walutheri tusiwanyoshee kidole. Luther mwenyewe, mwaka 1526, alihubiri kwamba wachawi wauawe. Katika Württemberg ya Kilutheri, Katharina Kepler, mama wa mwanafalaki Johannes Kepler, alikaa kifungoni zaidi ya mwaka mmoja kwa minyororo. Mwanawe alisafiri kwenda kumtetea, akaachiliwa mwaka 1621. Mwaka uliofuata akafariki.

Hata hivyo Luther huyo huyo, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alitufundisha kwamba Amri ya Nane haikatazi uongo peke yake. Inatutaka tumtetee jirani na kulilinda jina lake jema. Tumeikariri tangu darasa la kipaimara. Je, tuliikumbuka pale ajuza wa Kanda ya Ziwa walipouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoumizwa na moshi wa kuni walizotupikia? Je, tunaikumbuka mtoto anapougua na watu wakaanza kumtazama bibi fulani?

Hatusemi kwamba uovu haupo. Tunasema kwamba Kristo amekwisha kuushinda, na kwamba aliyebatizwa katika jina lake hana sababu ya kuogopa damu ya bibi yake. Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu hakuwaruka Tamari, Rahabu, Ruthu wala mke wa Uria, wanawake ambao watu wangeweza kuwanong'ona. Aliwaandika katika sura ya kwanza, kila mtu asome.

Basi siku tutakapokaa tena kuandika wasifu, na mzee akasita, tumsubiri kwa upole. Atakapolitaja jina, tuliandike, na siku ya mazishi lisomwe pamoja na mengine.