Siku Tisa Hadi Cleveland

Agosti 1929, marubani wanawake wapatao 20 waliondoka Santa Monica, California, kila mmoja na ndege yake ndogo. Walikuwa wakielekea Cleveland, Ohio, kwenye mashindano ya kitaifa ya ndege. Ili kushiriki, rubani alipaswa awe amekwisha kuruka peke yake kwa saa 100. Hata hivyo, mchekeshaji Will Rogers aliyapa mashindano yao jina la mzaha lililotokana na kifutio cha poda ya usoni, na magazeti yakalidaka.

Huko angani mzaha haukuwepo. Louise Thaden alivuta hewa ya nje kupitia bomba, maana moshi wa injini ulikuwa ukimfikia pale alipoketi. Blanche Noyes aligundua moto ndani ya ndege yake akiwa juu ya Texas. Alitua nyikani, akauzima, akaruka tena. Marvel Crosson hakufika. Ndege yake ilianguka Arizona, akafa.

Ndipo wakajitokeza waliotaka mashindano yasitishwe. Marubani wanaume walikuwa wakifa pia, lakini hakuna aliyesema wanaume wote washushwe chini. Wenzake Marvel walimlilia, kisha wakawasha injini na kuendelea.

Tarehe 26 Agosti, Thaden alitua Cleveland na ushindi wa ndege za daraja kubwa. Novemba mwaka huohuo, marubani wanawake walikutana New York wakaunda chama chao. Waanzilishi walihesabiwa 99, na hesabu hiyo ikawa jina: Ninety-Nines. Chama hicho kipo hadi leo.