Garissa na Kazi za Mtandao: Historia Iliyoanzia kwenye Redio

Historia ya teknolojia ya habari nchini Kenya imezoeleka kuandikwa kutoka Nairobi, ikianza na huduma ya kutuma pesa kwa simu ya M-Pesa iliyozinduliwa Machi 2007, ikipitia kufunguliwa kwa kituo cha wabunifu cha iHub mwaka 2010, na kuishia kwenye mji wa teknolojia wa Konza. Ikitazamwa kutoka Garissa, historia hiyohiyo ina mpangilio tofauti. Huko wafanyabiashara wa mpakani na wakimbizi walitangulia, serikali na vyuo vikafuata vikiwa vimechelewa, na kwa miaka mingi suala zito zaidi la ajira katika sekta hii limekuwa iwapo mtu anayeweza kufanya kazi ana karatasi inayomruhusu kulipwa.

Kuchelewa kwa serikali kuna mizizi mirefu. Eneo ambalo leo ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo utawala wa Kiingereza uliifunga kwa sheria ya mwaka 1902 kuhusu wilaya za mbali na kisha kwa sheria ya wilaya maalumu ya 1934, hivi kwamba mtu wa kuingia au kutoka alihitaji kibali. Uhuru wa 1963 ulikuja pamoja na vita vya shifta, yaani uasi wa waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, na kanuni za hali ya hatari zilizowekwa wakati huo hazikuondolewa hadi 1991. Katikati ya kipindi hicho serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, uliopendekeza kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye maeneo yenye mvua, ardhi yenye rutuba na barabara, yaani yale yaliyoweza kurudisha faida haraka. Eneo hilo la Kaskazini Mashariki halikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Shirika la posta na simu, ambalo peke yake lilikuwa na haki ya kuuza huduma ya simu nchini, halikuwa na sababu ya kibiashara ya kutandaza nyaya kwa mamia ya kilomita kwenye nyika ambayo wakazi wake wengi walikuwa wafugaji wa kuhamahama.

Pengo hilo lilizibwa na redio. Serikali ya Somalia chini ya Siad Barre ilipoanguka mjini Mogadishu Januari 1991, watu kwa makumi ya maelfu walivuka mpaka, na kati ya 1991 na 1992 kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikajengwa karibu na mji mdogo wa Dadaab, katika Garissa ya leo, kwa makadirio ya kuwahifadhi watu 90,000. Ndani ya kambi hizo, kama ilivyokuwa pia katika miji ya Wasomali pande zote mbili za mpaka, ulistawi mtandao wa redio za mawimbi mafupi ambao Wasomali waliuita taar. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleza lakini mgumu kuuendesha: opereta wa kituo kimoja alikiita kituo kingine kwa masafa na saa zilizokubaliwa, akatoa jina la mtu anayetafutwa na la ukoo wake, kisha mjumbe akatumwa kumsaka mtu huyo sokoni au nyumbani ili afike kwenye redio wakati uliopangwa. Kwa kuwa yeyote aliyefungulia masafa yaleyale aliweza kusikiliza, habari za fedha zilisemwa kwa mafumbo, na opereta aliaminiwa kwa kadiri alivyojua kunyamaza.

Thamani ya redio hizo ilitokana na kuunganishwa kwake na hawala, yaani mfumo wa kutuma fedha ambamo mtumaji hulipa kwa wakala mahali alipo na mpokeaji hulipwa na wakala mwingine, huku mawakala wenyewe wakisawazisha hesabu zao baadaye kwa bidhaa au kwa fedha. Ndugu aliyeko Minneapolis au London alilipa huko, taarifa ikafika Nairobi kwa simu au faksi, kisha ikasomwa redioni hadi Dadaab, ambako karani aliiandika daftarini na kumlipa mwenye haki. Mtafiti Cindy Horst, aliyeishi na kufanya utafiti katika kambi hizo, aliueleza mfumo huu kwa kina katika kitabu chake Transnational Nomads cha mwaka 2006. Wanahistoria wa teknolojia nchini hawajaupa uzito unaostahili, labda kwa sababu redio nyingi hazikuwa na leseni na waliozitumia hawakupenda kuonekana. Hata hivyo, opereta aliyemudu masafa, karani aliyehakiki utambulisho wa mpokeaji na fundi aliyehakikisha betri ya gari inachajiwa kwa jua walikuwa, kwa kila kipimo cha haki, wafanyakazi wa kwanza wa teknolojia ya habari katika mkoa huo, na waliufahamu ufundi wao kwa kufanya kazi, kwa kuwa hapakuwa na chuo cha kuufundisha.

Biashara hiyo ilikuwa na kitovu chake Nairobi, katika mtaa wa Eastleigh, ambako nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge iligeuzwa kuwa maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wakimbizi waliopanga vyumba vyake walipoanza kuuzia bidhaa humohumo walimolala. Redio, kaseti, saa na baadaye simu za mkononi zilizotoka Dubai zilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa aina hiyo. Si bahati kwamba jina la mji wa mbali kwenye Mto Tana ndilo lililobandikwa kwenye mlango wa soko hilo.

Mabadiliko ya sheria yalikuja mwishoni mwa muongo huo. Shirika la posta na simu liligawanywa mwaka 1999, na mwaka 2000 kampuni za Safaricom na Kencell zikaanza kushindania wateja wa simu za mkononi. Mawimbi yalipofika miji mikuu ya kaskazini, taar ilififia, kwa maana hakuna aliyetaka kusubiri mjumbe ilhali angeweza kupiga simu moja kwa moja. Hawala haikufa, iliingia kwenye kompyuta, ikawa na matawi yenye makarani, kanzidata na barua pepe. Serikali ilipofunga kampuni 13 za kutuma fedha mwezi Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, athari zilionekana mara moja katika kaya zilizotegemea fedha kutoka ng'ambo, na marufuku hiyo ikaondolewa kabla ya mwaka kufika mwisho.

Miundombinu iliyofuata ilijengwa kwa vipande. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009, na serikali ikawa imeanza kutandaza mkongo wa taifa wa mawasiliano, yaani nyaya za nuru zinazobeba intaneti kutoka pwani hadi makao makuu ya wilaya, Garissa ikiwemo. Umeme ulikuwa tatizo kubwa zaidi, kwa sababu kompyuta na minara ya simu havina kazi bila umeme. Hadi katikati ya miaka ya 2010 Garissa iliendeshwa na jenereta za dizeli, kisha ikaunganishwa na gridi ya taifa kwa njia inayopitia Mwingi, na Desemba 2019 kikazinduliwa nje ya mji kituo cha umeme wa jua chenye uwezo wa takriban megawati 50. Wajir na Mandera zilibaki na mitambo yao ya dizeli. Utafiti wa Mamlaka ya Mawasiliano wa mwaka 2016 ulikuta kata ndogo 164 nchini ambazo hazikuwa na huduma yoyote ya simu, nyingi zikiwa katika kaunti kame za kaskazini, na Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaochangiwa na kampuni za mawasiliano kwa asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka, ukapewa jukumu la kulipia minara ambayo kampuni zisingeijenga kwa hiari.

Minara hiyo ilijengwa katika vita. Wapiganaji wa kundi la al-Shabaab la Somalia waliilenga mara kwa mara, kwa sababu mnara uliokatwa huwanyima askari na raia njia ya kutoa taarifa. Januari 2020 walishambulia Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, wakawaua walimu watatu na kuharibu mnara wa simu usiku huohuo. Tume ya walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na hapo ndipo hasara ya teknolojia na hasara ya elimu zilipokutana: mnara unaweza kujengwa upya kwa miezi, lakini shule isiyo na mwalimu wa hisabati na fizikia haiwezi kutoa mwanafunzi wa uhandisi wa programu kwa muda unaokaribia huo. Hasara hiyo ya elimu ilikuwa imeshajitokeza Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika chuo kikuu pekee cha serikali mjini Garissa, kilichokuwa kimeanzishwa 2011. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016 na kupata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2017. Karibu na mpaka, wakati minara ya Kenya ilipokuwa kimya, wakazi walitumia laini za kampuni za Somalia kama Hormuud, iliyoanzishwa 2002, na kwa njia hiyo Mkenya wa Mandera akawa mteja wa nchi jirani akiwa bado nyumbani kwake.

Jaribio la kwanza la kuifanya kazi ya kompyuta yenyewe kuwa bidhaa ya kuuzwa nje kutoka Kaunti ya Garissa lilifanywa kambini. Mwaka 2009 shirika la Samasource, lililoanzishwa na Leila Janah mwaka mmoja kabla, lilishirikiana na shirika la misaada la CARE kuwapa wakimbizi wa Dadaab kazi ndogondogo za kidijitali, mathalani kuhakiki taarifa au kuainisha picha, zilizogawanywa vipandevipande na kutumwa kwa intaneti. Pamoja na kampuni ya CrowdFlower, Samasource ilitoa programu ya iPhone iliyomwezesha mwenye simu hiyo nchini Marekani kuifanya kazi ileile aliyoifanya mkimbizi, ili majibu mawili yalinganishwe na ubora upimwe. Wazo lilisifiwa sana, na kuna jambo la kustaajabisha ndani yake: mtu aliyekatazwa kutoka kambini bila kibali aliweza kuuza kazi yake Kalifonia. Lakini intaneti ya kambini ilikuwa ghali na dhaifu, na shughuli za Samasource zikahamia mijini.

Mpango uliofuata ulikuwa na subira zaidi. Kituo cha Biashara cha Kimataifa, chombo cha Umoja wa Mataifa na Shirika la Biashara Duniani, kilishirikiana na Baraza la Wakimbizi la Norway kuwafunza vijana wa kambi na wa jamii wenyeji kutafuta wateja mtandaoni wenyewe, kwa unukuzi, tafsiri, ubunifu wa picha na uingizaji wa data. Wahitimu wake waliunda shirika lao liitwalo Dadaab Collective Freelancing Agency. Ni muhimu kwamba wenyeji walijumuishwa, kwa sababu kwa miaka mingi vijana wa Garissa waliona misaada ikipita mbele yao kuelekea kambini.

Samasource, ambayo baadaye ilifupisha jina kuwa Sama, ilirudi katika historia ya Wasomali kwa mlango mwingine. Kuanzia 2019 hadi 2023 ofisi yake ya Nairobi ilisimamia maudhui ya Facebook, yaani kazi ya kutazama na kufuta picha na maandishi ya ukatili au chuki, kwa lugha kadhaa za Afrika, Kisomali kikiwa mojawapo. Lugha ambayo kwa miongo kadhaa ilimfanya mtu asimamishwe kwenye vizuizi vya barabarani ikageuka kuwa sifa ya ajira. Kazi hiyo ililalamikiwa kwa ujira mdogo na madhara ya afya ya akili, na kesi zikafika mahakamani Nairobi kuanzia 2022.

Kikwazo kilichodumu kuliko vyote kilitokana na teknolojia yenyewe. Wakati wa ukame, familia nyingi za Wakenya wanaoishi kando ya kambi zilijiandikisha kama wakimbizi ili zipate chakula, matibabu na shule. Alama zao za vidole zikaingia kwenye sajili ya wakimbizi, na watoto wao walipofika umri wa miaka 18 na kuomba kitambulisho cha taifa, mfumo wa kompyuta uliwatambua kama wageni na kuwakataa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni ya watu takriban 40,000. Bila kitambulisho hakuna usajili wa laini ya simu, na bila laini hakuna M-Pesa. Hakuna namba ya kodi, hakuna akaunti ya benki, wala nafasi katika mpango wa Ajira Digital ambao serikali iliuanzisha 2016 ili vijana wapate kazi za mtandaoni. Kwa hiyo kijana angeweza kujifunza kuandika programu kwa kompyuta ya kuazima na akashindwa kupokea malipo ya programu hiyo. Haki na Sheria, shirika la haki lenye makao Garissa, lilipeleka suala hilo mahakamani mwaka 2021.

Wale ambao hawakuwahi kuingia kwenye sajili hiyo walikuwa na kizuizi chao, kwa kuwa wakazi wa kaunti za mpakani walipigwa msasa na kamati za wazee na maafisa kabla ya kupewa kitambulisho, utaratibu ambao wakazi wengi wa nchi hawakuujua. Ulifanana na zoezi la Novemba 1989, Wasomali Wakenya walipotakiwa kuhakikisha uraia wao na kupewa kadi za pekee. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kufutwa kwa msasa huo. Tangazo linamwondolea mwombaji kikao cha wazee, lakini halifuti lenyewe alama za vidole zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye sajili ya wakimbizi, na mashine inayozilinganisha haina namna ya kutambua ni nani alijiandikisha kwa njaa. Barabara ya Isiolo hadi Mandera kupitia Wajir, inayojengwa kwa sehemu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, imepangiwa kubeba mkongo wa intaneti kando yake, na jina la kila atakayetaka kuutumia kwa kazi litaendelea kupitishwa kwanza kwenye sajili ya vitambulisho vya taifa na ile ya wakimbizi.